Uzi wa kusuka wa paundi 40, na mafundo yaliyoushika: miezi saba kwenye mawe ya Luchelele

Uzi huu niliununua mwezi wa pili kwenye duka moja la zana za uvuvi pale Kirumba, jijini Mwanza, ukitoka Mwaloni kuelekea barabarani. Roli ya mita 300, nyuzi nne zilizosukwa kuwa uzi mmoja, rangi ya kijani iliyokolea, boksi limeandikwa paundi 40, yaani uzito ambao uzi unatakiwa kuubeba. Nililipa shilingi 48,000. Tangu hapo hadi mwezi huu wa tisa nimekuwa nao karibu kila Jumapili, mara nyingi kwenye mawe ya Luchelele, kando ya Ziwa Victoria, mara chache kwa mtumbwi kule Igombe. Ni uzi mzuri na nitanunua mwingine. Ila ukiufungia ndoano kwa fundo lile lile ulilozoea kwenye nailoni, utakukosesha samaki wa maana, halafu utaulaumu uzi bure.

Mimi kazi yangu ni nyavu. Naziunga, naziziba, nazitia maboya na risasi, na fundo la jicho la wavu nalipiga huku naongea na mtu bila hata kulitazama. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza sikuwa na wasiwasi. Nilifunga ndoano kwa klinchi, lile fundo la kuzungusha mkia mara tano juu ya uzi na kuurudisha karibu na tundu, nikatia furu hai, samaki mdogo wa chambo, nikarusha. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza sangara alipochukua. Alivuta kuelekea kina, akageuka, akatoa kichwa nje ya maji na kukitikisa mara mbili, na fimbo ikanyooka mkononi.

Nilipokunja uzi, ncha ilirudi nzima, sawa kabisa kama nilivyoikata kwa mkasi asubuhi ile. Mtu wa nyavu anajua kusoma ncha. Uzi uliokatika huacha manyoya, huku kafupi huku karefu. Huu haukukatika. Fundo lilijifungua lenyewe, na samaki yule akaondoka na ndoano yangu mdomoni, jambo ambalo liliniuma kuliko kumkosa.

Sababu iko kwenye malighafi. Nailoni ina mvutiko: ukiikaza hurefuka kidogo, ikajibana, mkunjo ukang'ata mkunjo. Uzi wa kusuka ni polithini ya aina ile inayouzwa kwa majina ya Dyneema, kutoka Uholanzi, na Spectra, kutoka Marekani. Ni ndugu wa dumu la maji la nyumbani, isipokuwa molekuli zake ni ndefu mno na zimevutwa zikalala zote upande mmoja. Ndiyo maana uzi mwembamba hivi unabeba mzigo mkubwa, haurefuki, haunywi maji, na unaelea. Na unateleza vilevile kama dumu. Kwa hiyo lazima uupe mizunguko mingi zaidi, au uupitishe mara mbili kwenye tundu la ndoano ili upate pa kushika.

Sikutaka kuamini maneno tu, yakiwemo ya kwangu. Jumatatu jioni nilifunga mpini wa jembe kwenye tawi la mwembe, nikauzungushia uzi mara kumi bila fundo, ili kinachopimwa kiwe ni fundo la ndoano peke yake. Ndoano nikaining'iniza kwenye mkono wa dumu la lita 20. Mpwa wangu akawa anamimina maji kwa jagi la lita moja na kuhesabu, mimi nimepiga magoti macho yakiwa kwenye fundo. Kwenye jagi la sita mtoto ndiye aliyeona kwanza. "Mjomba, linatembea." Kweli, mkia mdogo uliobaki ulikuwa unaingia ndani ya fundo taratibu, kama konokono anavyoingia kwenye gamba. La saba dumu likaanguka. Klinchi, lita saba, kwenye uzi wa paundi 40, ambazo ni kama kilo 18.

Tuliendelea mpaka giza likaingia. Yuni, fundo ambalo mkia unazungushwa ndani ya kitanzi chake, ya mizunguko mitano iliteleza kwenye jagi la 12. Yuni ya mizunguko minane haikuteleza. Ilikatika kwenye la 14, na nilipoirudia, la 15. Palomar nililipima mara tatu: 16, 15, 16, na mara zote uzi ulikatika, haukufunguka. Hicho ndicho ninachokitafuta. Fundo likifikia mwisho wake, liwe limeumaliza uzi kwanza.

Kwa hiyo ndoano zangu zote sasa nafunga Palomar, na ni fundo jepesi kuliko sifa zake. Unakunja uzi uwe mara mbili, kama sentimita 15, unapitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano. Kwa kitanzi hicho na uzi ulioukunja unapiga fundo la kawaida, lile la kamba ya kiatu kabla ya kufanya ua, lakini hulikazi. Ndoano inaning'inia chini yake. Kisha unafungua kitanzi na kuipitisha ndoano nzima ndani yake. Unalowesha kwa mate, unavuta uzi mkuu na mkia pamoja, polepole. Angalia jambo moja: nyuzi mbili zinazopita kwenye tundu zilale sambamba, zisipandane. Zikipandana, moja inaikata nyingine siku ya mzigo. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye dumu, fundo lililopandana lilikatika jagi la 10.

Mate si mila. Polithini huyeyuka kwa joto dogo, karibu nyuzi joto 150 tu, na uzi mkavu ukikazwa kwa kasi hupata moto pale pale unapojisugua. Nilijaribu Palomar kavu lililokazwa kwa mvuto mmoja, na niliposogeza taa ya simu niliona sehemu inayong'aa, laini, kama plastiki iliyoguswa na pasi. Sikulirusha ziwani. Nililikata.

Sasa mawe. Anayevua Luchelele anajua kwamba chini kule ni mawe kama yale yale tunayoyaona juu, na uzi wa kusuka ukikazwa juu ya jiwe hausamehewi. Unachanika upesi kuliko nailoni nene. Meno ya sangara nayo ni kama msasa. Kwa hiyo mbele lazima iunganishwe nailoni nene, mimi natumia mita moja na nusu ya paundi 60, na hapo ndipo wengi wanapokwama: kuunganisha kitu kinachoteleza na kitu kigumu chenye unene mwingine. Nikiwa ndani ya mtumbwi unaoyumba natumia yuni mbili zinazotazamana: upande wa kusuka mizunguko minane, upande wa nailoni minne inatosha, kila moja ikazwe peke yake, halafu uvute nyuzi kuu mbili mpaka mafundo yagongane katikati. Linakaa. Ubaya wake ni kibonge, kinagonga pete za fimbo kila unaporusha, na kwa muda kinajichubua chenyewe.

Nyumbani, nikiwa na nafasi, nafunga FG. Hili ndilo fundo lililonirudisha kwenye kazi yangu, maana si fundo hasa bali ni msuko. Uzi wa kusuka unazungushwa juu ya nailoni, mara upande huu mara upande ule, ukiwa umekazwa muda wote, mara ishirini hivi, halafu unafungiwa kwa vifundo vidogo vya nusu. Nailoni yenyewe haipindwi kabisa. Ukivuta, msuko unajibana kwenye nailoni kama mtego wa panya ulivyo na shingo ya panya, na rangi ya kijani inakolea pale ulipokaza vizuri. Hiyo rangi ndiyo dalili. Isipobadilika, rudia. Linapita kwenye pete bila hata kusikika. Lilinichukua jioni nne kulipata, na dakika kumi na tano kila nikilifunga, na sitakuambia ulijaribu kwenye upepo.

Kosa lingine nililolifanya, na nimeona wenzangu wawili wakilirudia Igombe: nilifunga uzi wa kusuka moja kwa moja kwenye rili, kile kikunjio cha uzi kwenye fimbo. Samaki akivuta, rili inalia, breki umekaza, na bado uzi unatoka. Nilidhani breki imekufa. Kumbe uzi wote, mita 300, ulikuwa unazunguka kwa pamoja kama pete kwenye kidole chembamba. Anza na mita chache za nailoni, au bandika plasta ya hospitali kwenye rili kwanza. Hata kipande kidogo kinatosha.

Kuhusu uzi wenyewe. Rangi imepauka, mita 20 zilizokuwa mbele sasa ni za kijivu, ila hilo halijapunguza nguvu niliyoiona. Unakata vidole, usiuzungushe mkononi kuvuta ndoano iliyonasa, tumia kijiti. Mkasi butu hauukati, unautafuna. Faida niliyoipenda zaidi ni jinsi unavyoleta habari. Kwa kuwa haurefuki, furu akitetemeka mita 40 mbali, kidole kinajua. Ndivyo nilivyowapata sangara saba mwaka huu, mkubwa wa sentimita 71. Wawili hawakufika sentimita 50 na nikawarudisha.

Kuna roli nyingine niliyoinunua mahali pengine, sitapataja, kwa shilingi 22,000, maandishi yale yale ya paundi 40. Ilikuwa bapa kama utepe, msuko umelegea, na hata Palomar lilikatika jagi la nane. Kabla hujalipa, omba uvute kama mita moja. Uviringishe kati ya vidole: mzuri ni wa duara na umebana. Kijana wa Kirumba aliniruhusu kufanya hivyo bila kununa, na hiyo ni sababu nyingine ya kurudi kwake.

Anayevua sato karibu na mwani sioni kwa nini atumie fedha hii. Nailoni ya paundi 10 inamtosha na mafundo yake anayajua. Kwa sangara, na hasa kwa mawe, inafaa.

Nimebakiwa na kama mita 230 baada ya kukata zilizochubuka. Jumamosi iliyopita niliutoa wote kwenye rili na kuugeuza. Ncha iliyokuwa ndani, ambayo haijawahi kulowa tangu mwezi wa pili, sasa ndiyo iko mbele, na imeshafungwa FG.