Viatu vya milimani vyenye meno marefu: vinafaa matope, si lami

Mkimbiaji wa ridhaa anayetoka katika mbio ndefu za barabarani na kuingia kwenye vilima vya Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, hugundua upesi kwamba viatu vyake vya lami havimfai kitu kwenye nyasi zilizolowa. Viatu hivi vya milimani nilivyonunua katika duka moja mjini Keswick vina meno ya mpira ya milimita 8, na nilipokuwa nikiteremka Skiddaw, mlima wenye kimo cha mita 931, kisigino kilishika udongo barabara bila kuteleza. Kitambaa chake hakifyonzi maji sana, hivyo ukishavuka kijito maji hutoka yenyewe baada ya hatua chache, ingawa soksi, bila shaka, hubaki chepechepe. Kwenye mawe yaliyolowa, hata hivyo, meno hayo hugusa mwamba kwa ncha tu, na hapo inabidi kupunguza mwendo. Soli ni nyembamba mno kwa mtu anayekusudia kukamilisha mzunguko wa Bob Graham, yaani vilele 42 ndani ya saa 24. Kwa masafa hayo ningechagua soli nene na laini zaidi. Kamba nazo ni ndefu kupita kiasi, kwa hiyo zifungwe fundo mara mbili.