Kipokezi cha runinga cha kuchomeka kwenye kipakatalishi: kipi kinafaa Kenya

Anayetaka kutazama KBC, NTV au Citizen kwenye kipakatalishi bila kumaliza bando anapaswa kuangalia jambo moja kabla ya bei, nalo ni maandishi DVB-T2 kwenye boksi, yaani jina la mfumo wa matangazo ya runinga ya dijitali unaotumika hapa. Kenya ilianza matangazo ya dijitali mwaka 2009 kwa DVB-T, mfumo uliotangulia, kisha ikahamia DVB-T2 kabla ya mitambo ya analogi kuzimwa mwaka 2015. Kipokezi cha T2 husoma pia mawimbi ya T, lakini cha T hakisomi ya T2 hata kidogo. Mimi niliwahi kununua cha T katika Luthuli Avenue, Nairobi, baada ya kuhakikishiwa kwamba "kinashika zote"; kilitafuta masafa hadi asilimia 100, taa yake ikiwaka vizuri kabisa, na orodha ya chaneli ikabaki tupu.

Nafasi ya kwanza naipa Hauppauge WinTV-dualHD ya USB, kwa sababu ina vipokezi viwili ndani ya kifaa kimoja, hivyo unaweza kurekodi taarifa ya habari huku ukitazama mpira kwenye chaneli nyingine. Huja na programu yake ya Windows, na hilo si jambo dogo tangu Windows 10 ilipoondoa Media Center, programu yake ya kutazamia runinga. Linux nayo huitambua, mradi uiwekee faili za firmware, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa chenyewe.

Ya pili ni HDHomeRun ya soko la Ulaya, ambayo haichomekwi kwenye kompyuta bali kwenye ruta, nayo husambaza picha kwa vifaa vyote vya nyumbani. Anayeagiza kupitia ndugu aliyeko Marekani ahadhari, maana zinazouzwa huko ni za ATSC, mfumo wa runinga wa Marekani, na hapa hazitashika chochote.

Ya tatu ni vijiti vya bei nafuu vya T2, hasa vya Astrometa. Vinafanya kazi, ila ganda moja huficha chipu tofauti, mara ya Panasonic, mara ya Sony, na draiva iliyokubali kwa jirani yako inaweza kukukatalia wewe. Vile vyenye chipu ya RTL2832U peke yake ni vya T tu. Waachie wapenzi wa redio, ambao huvitumia kunasa masafa ya kila aina.

Chaneli za kulipia za GOtv na StarTimes zimefungwa, na hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachozifungua.

Hatimaye, ile antena ndogo ya sumaku inayofungashwa pamoja na kijiti haifai isipokuwa karibu na mnara. Tumia antena ya UHF ya nje, na kwa kuwa tundu la kijiti cha Astrometa ni lile dogo la MCX, nunua kiunganishi chake siku hiyohiyo, la sivyo utarudi mjini kesho yake.