Mafuta ya mwarobaini kwenye mndimu wangu: uzoefu wangu, Bukavu

Mndimu huu niliupanda mwaka tuliohamia Panzi, na tangu uanze kuzaa sijanunua ndimu ya kukamulia sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kwa hiyo Juni iliyopita, kiangazi kilipoanza, roho iliniuma sana kuona majani yanajikunja na kuwa meusi kama yamepakwa masizi ya makala. Matawi yalijaa vijidudu vya kahawia vilivyoganda kama magamba, na utomvu wao mtamu ulikuwa ukidondoka hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

Muuzaji mmoja wa dawa aliniuzia kichupa kisicho na jina wala karatasi. "Mama, hii inaua yote." Siku mbili baadaye niliokota chini ya mti wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, ambao ndio hula magamba kama haya. Magamba yalibaki palepale. Watoto wangu wanacheza chini ya mti huo na matunda yake tunayala, kwa hiyo kuniuzia sumu isiyo na jina ni jambo ambalo bado linanikasirisha.

Ndipo nikanunua mafuta ya mwarobaini, kichupa cha mililita 100 kwa franka 14,000, maeneo ya Nyawera. Jambo la kwanza mtakaloliona hapa kwetu ni kwamba asubuhi za baridi mafuta yanaganda. Hayajaharibika. Weka kichupa ndani ya maji ya uvuguvugu, yatayeyuka. Mimi nachanganya mililita 5 kwa lita moja ya maji, na sabuni kidogo ya maji ili mafuta yashikane na maji. Bila sabuni yanaelea tu juu na pompi inatoa maji matupu. Nilijaribu kwanza tawi moja, nikasubiri siku mbili kuona kama majani yataungua. Napulizia jioni, jua likishashuka na nyuki wamerudi kwao, na zaidi upande wa chini wa majani, maana huko ndiko wanakojificha. Mchanganyiko uliobaki siuweki hadi kesho, nguvu yake inapotea.

Wiki mbili za kwanza sikuona kitu, nikakaribia kuacha. Dawa hii haiangushi mdudu papo hapo. Inamfanya apunguze kula na inawazuia wadogo kujivua ngozi na kukua. Lakini kilichokuwa kinanirudisha nyuma kilikuwa kingine, na aliyekigundua ni bamkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Kabare. Alisimama mbele ya shina kwa muda mrefu, akaniambia: "Mwanangu, tazama hawa sisimizi wanavyopanda na kushuka. Hao ndio wachungaji." Kweli, walikuwa wakinywa ule utomvu mtamu na kuwafukuza wadudu wanaotaka kuyala magamba. Tulizungushia shina kitambaa, juu yake plastiki, kisha tukaipaka grisi nzito (msipake grisi kwenye gome lenyewe). Tukakata pia matawi yaliyokuwa yakigusa ukuta, maana yalikuwa daraja lao. Parsele yetu (kiwanja) iko kwenye mteremko na mvua ilikuwa imeshachukua udongo wa juu, hivyo tukarudishia mizizi samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na majani makavu.

Baada ya mapulizio manne, moja kila wiki, hali ikageuka. Magamba yanabaki yamenata hata yakishakufa, kwa hiyo msidanganyike na macho: kwangua kwa ukucha. Yakitoka makavu kama unga, yamekufa. Yakitoa maji, endelea. Weusi wa majani niliufuta kwa kitambaa na maji ya sabuni, jani kwa jani, kwenye matawi ninayoyafikia. Kazi ya Jumamosi nzima, na singeirudia kwa mti mkubwa.

Mafuta haya nayapa nne juu ya tano. Naondoa moja kwa harufu, kama ya kitunguu saumu kilichoharibika, iliyokaa nyumbani usiku kucha, na kwa maelezo yake ambayo hayasemi neno hata moja juu ya sisimizi.

Mvua zilirudi Septemba. Majani mapya yametoka kijani safi, na juzi nilihesabu ndimu changa 31 zenye ukubwa wa njegere. Grisi naibadilisha kila mwezi, maana vumbi linaifunika na sisimizi wanavuka juu yake.