Nilivyoipangia kwaya yetu nafasi kwa Audacity: treki tisa, spika moja

Kwaya yetu hapa Arua, Uganda, ina adungu tatu, yaani vinubi vya huku kwetu: ndogo, ya kati, na ile kubwa ya kupiga besi. Ukizisikia uwanjani, kila moja ina mahali pake. Ukizirekodi ukazirundika zote katikati, unapata uji. Hapo ndipo nilipoanza kutumia Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti iliyopo tangu mwaka 2000, na sasa ni mwezi wa nane niko nayo.

Tulirekodi kwa zamu kwa maiki moja, wengine wakiwa nje kwenye mwembe wakiambiwa wanyamaze. Zikawa treki tisa, yaani rekodi tisa za kupigwa pamoja: adungu tatu, soprano, alto, teno, besi, kayamba na mwimbishaji. Kila treki ina vitelezi viwili pembeni, kimoja cha ukubwa wa sauti, kingine cha kuipeleka sauti kushoto au kulia. Kukokota kwa kipanya kunanichosha, kwa hiyo nagonga kitelezi mara mbili, kijisanduku kinafunguka, naandika namba.

Mwanzoni nilikuwa mtu wa kupandisha tu. Soprano hawasikiki? Pandisha. Teno wamefunikwa? Pandisha. Mpaka kipimo kikawa chekundu na wimbo mzima ukawa unakwaruza. Kumbe treki zinajumlishwa: mbili zinazofanana kabisa zikipigwa pamoja huongeza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Siku hizi nashusha zote kwa desibeli 10 kabla ya kugusa kitu kingine, halafu natafuta nani anamfunika nani. Mara nyingi aliyefunikwa hataki kelele zaidi, anataka kusogezwa. Adungu ndogo na ya kati ziligombana usiku kucha hadi nilipoweka moja asilimia 35 kushoto na nyingine 35 kulia. Sikugusa ukubwa wa sauti hata kidogo, na ghafla nikasikia kucha ya mpigaji ikikwangua uzi. Siku ya kurekodi nilikaa mbele yake na sikuisikia.

Basi nikalewa. Soprano na alto nikawasukuma kushoto kabisa, teno, besi na adungu kubwa kulia kabisa. Kwenye hedifoni ilikuwa raha tupu. Jumapili tukachomeka simu kwenye spika ya kanisa, na waya ule ulikuwa unapitisha upande wa kushoto tu. Katekista akasikiliza ubeti mzima, akanigeukia: "Mwanangu, wanaume wamesafiri?" Kwaya nzima ikacheka, mimi nikatafuta pa kujificha.

Tangu siku hiyo sivuki asilimia 60 upande wowote. Mwimbishaji na adungu kubwa hawatoki katikati. Na kabla ya kutoa faili la mwisho naisikiliza kwa spika ndogo ya simu, maana huko ndiko watu wataisikia, mfukoni mwa bodaboda na dukani kwa muuza chapati. Jambo linalopotea kwenye simu, kwangu halijamiksiwa bado.

Kuna mambo mawili ya kuzoea. Treki ya stereo, yenye upande wa kushoto na wa kulia, ukiisukuma kushoto kabisa haihamii huko. Upande wake wa kulia unanyamazishwa tu, kwa hiyo igawe kwanza iwe treki mbili za mono, kila moja na upande mmoja tu. La pili, ukitaka kushusha kwaya nzima kwa mkono mmoja, chagua sauti zote nne, ubonyeze Ctrl, Shift na M: unapata treki mpya yenye mchanganyiko wao, na zile za zamani zinabaki. Zizime kwa kitufe cha Mute, la sivyo kila mtu ataimba mara mbili. Usizifute. Nilizifuta mara moja, wiki iliyofuata teno wakataka kurekodi upya sehemu yao.

Programu haijanila hata shilingi. Iliyonila ni hedifoni, 45,000 mjini, na kama ningeanza upya ningezinunua kabla hata ya maiki.