Nilivyosoma uzamili wa afya ya mama na mtoto nikiwa kazini Kigoma

Wenzangu wa wodini wananiuliza kama shahada ya uzamili ya afya ya umma, upande wa mama na mtoto, inalipa. Kimshahara, bado sijaona kitu. Kwa mengine, ngoja niseme.

Mimi ni mkunga katika kituo cha afya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Chuo sikitaji, maana nina manung'uniko. Masomo ni miaka miwili, sehemu kubwa kwa mtandao, na kila muhula tunaitwa Dar es Salaam kwa wiki mbili. Ukitokea huku kwetu, hizo wiki mbili hazibaki mbili. Kuna boti hadi mjini, kuna basi, na kuna wa kukushikia zamu, ambaye atakudai zamu ya Krismasi na ya Idi vilevile.

Somo lililonifanya nisamehe mengi ni la takwimu za vifo, na ndilo nililokuwa naliogopa. Siku ya kwanza mhadhiri aliandika ubaoni 556 na 104. Ni vifo vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka tafiti za kitaifa za 2015/16 na 2022. Tukapiga makofi. Akauliza, zimepatikanaje? Kimya. Kumbe wanawake hufuatwa majumbani na kuulizwa habari za dada zao waliofariki wakiwa wajawazito au baada ya kujifungua, na majibu yanabeba miaka kadhaa ya nyuma, si mwaka wa utafiti peke yake. Tangu hapo sisomi ripoti bila kutafuta kwanza ukurasa wa jinsi walivyohesabu.

Halafu likaja darasa la Kigoma. Ndiyo, nilisafiri hadi Dar nikasomeshwe habari za kwetu: mradi wa Bloomberg Philanthropies, shirika la hisani la Marekani, ulioanza 2006, vituo vya afya vikawezeshwa kufanya upasuaji na madaktari wasaidizi wakafundishwa kuokoa mama palepale, badala ya kila kitu kungoja hospitali. Nilikaa nikiringa kidogo.

Kuringa kulikwisha kwenye tasnifu. Watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika mwaka 1994 kwamba mama huchelewa mara tatu: nyumbani katika kuamua, njiani, na akishafika kwenye huduma. Mimi nilikwenda na jibu langu mfukoni, nalo ni ziwa. Upepo wa usiku, mitumbwi, mafuta ya boti yaliyokwisha. Msimamizi akaniambia nikalithibitishe. Nikarudi kwenye kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za vituo vya afya, kile cha leba, ambacho miaka yote nilikijaza kama mtu anayetumikia adhabu, pamoja na mafaili ya akina mama tuliowapa rufaa. Nikaandika saa ya kufika na saa ya kuanza kuhudumiwa. Ziwa lilikuwa na lake, silitetei. Lakini saa nyingi zilipotelea ndani ya geti letu: ufunguo wa chumba cha upasuaji haujulikani uko kwa nani, mtu wa maabara anatafutwa kwa ajili ya damu, rufaa inabishaniwa nani aiandike. Baadhi ya karatasi zilikuwa na mwandiko wangu.

Sasa manung'uniko. Pendekezo langu la utafiti lilikaa kwa msimamizi miezi minne bila hata "nimepokea". Vipindi vya mtandao viliwekwa saa nane mchana, wakati huo mimi niko leba na mikono ina glavu, na rekodi zake ni nzito kuliko bando langu. Mtoto, aliyeandikwa kwenye jina la shahada, alipewa lishe, chanjo na wiki moja ya watoto wachanga, basi. Na mwenzetu mmoja aliyekuwa ananyonyesha alikamulia maziwa chooni, kwenye jengo lilelile tulimofundishwa asubuhi kuhusu kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Tulilalamika. Tukaambiwa tuandike barua.

Kati ya nyota tano natoa tatu na nusu. Hiyo nusu ni ya mhadhiri wa takwimu.

Anayetaka kuomba, kabla ya kulipa ada aulize msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi, na ruhusa ya masomo aipate kwa maandishi, siyo "nenda tu, tutaelewana". Aende na swali la wodini kwake. Waliokuja bila swali walipewa la mtu mwingine, na hadi leo wawili hawajamaliza.

Kituoni kilichobadilika ni kidogo. Ufunguo wa chumba cha upasuaji sasa unaning'inia kwenye msumari mezani kwa zamu, na saa ya ukutani ya leba, iliyokuwa imesimama saa nne kasoro tangu sijui lini, nimeinunulia betri.