Mkalimani wa simu wa Social Security: yupo, ila mlango wake ni mwembamba

Ukiwa Marekani na Kiingereza chako hakijakaa sawa, ofisi ya Social Security (shirika la serikali la hifadhi ya jamii) inakuwekea mkalimani wa Kiswahili bila kukutoza hata senti. Namba ni 1-800-772-1213, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni kwa saa za mahali unapoishi. Ukishampata mkalimani, mara nyingi kazi inakwenda vizuri. Shida ni kumpata.

Anayepokea kwanza ni mashine, nayo inauliza kwa Kiingereza. Wa Kihispania wana namba yao ya kubonyeza; sisi hatuna. Maelekezo ya shirika lenyewe kwa lugha nyingine ni kukaa kimya: usibonyeze, usijibu, hata swali likirudiwa, hadi apokee mtu. Wengi hukata hapo wakidhani simu imekwama. Akipokea mtu, sema “Swahili interpreter” kisha usubiri. Usianze kueleza shida yako kwa Kiingereza cha kuunga-unga. Ofisa akiona mnaelewana nusunusu ataendelea hivyohivyo, na ile nusu iliyopotea ndiyo huwa na tarehe na pesa.

Kiswahili cha mkalimani nacho ni bahati nasibu. Mtu wa Bukavu au Lubumbashi anaweza kuangukia mkalimani wa Nairobi ambaye hajui “mille neuf cent” (elfu moja mia tisa kwa Kifaransa) ni nini. Taja miaka tarakimu mojamoja: moja, tisa, nane, nne. Kwenye saa ndipo penye hatari. Miadi ya 9:00 asubuhi kwa Mtanzania ni saa tatu, lakini wapo wanaohesabu kama Wafaransa, kwao hiyo ni saa tisa. Mkalimani akikwambia “saa tisa”, muulize: kabla ya chakula cha mchana au baada? Hakikisha imesomwa pia kwa tarakimu. Na kama hamwelewani kabisa, omba mwingine mapema, msifike mwisho wa fomu.

Majina ya Kikongo nayo yanasumbua: fomu ina nafasi ya jina la kwanza, la kati na la ukoo, wakati wewe una nom (jina la ukoo), postnom (jina linalolifuata) na prénom (jina la kwanza). Usiyapange kwa kumbukumbu. Yasome yalivyo kwenye I-94 (rekodi yako ya kuingia Marekani) au green card, herufi kwa herufi.

Kwa kwenda ofisini, tangu Januari 2025 shughuli nyingi zinataka miadi kwanza, hata za kadi ya namba ya Social Security. Omba mkalimani siku hiyohiyo unapoweka miadi. Beba hati halisi, au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa hati hiyo. Nakala nyingine hawapokei, hata iliyogongwa muhuri wa mwanasheria. Kumtumia mtoto wa shule atafsiri ni kosa la kawaida: hajui istilahi, na ofisi inaweza kumkataa. Kadi yenyewe ni bure, atakayekudai pesa ya kuiombea anakudai malipo yake mwenyewe.

Machi 2025 Rais alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyohusu huduma za lugha. Hiyo haikuyaamuru mashirika kuacha kutumia wakalimani, na sheria ya haki za raia ya 1964 ingalipo. Ukiambiwa “njoo na mtu wako”, omba kuongea na msimamizi.

Sehemu mbaya kuliko zote ni barua. Zinakuja kwa Kiingereza, na muda unahesabiwa hujazielewa bado. Rufaa ni siku 60 tangu uipokee, nao wanachukulia umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Kama SSI (malipo ya kila mwezi kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo) inakatwa na unataka iendelee kulipwa wakati rufaa inasikilizwa, una siku 10 tu tangu uipokee barua. Kwa hiyo bahasha isikae mezani mpaka mtoto arudi kutoka shule. Piga namba ileile, nyamaza mashine ikiongea, na barua ikiwa mkononi mwambie mkalimani akuelezee kuanzia ile tarehe ya juu.