Kutuma vyombo Mwanza kwa basi: maboksi 31, nyota 3

Nauza vyombo vya udongo mtandaoni, seti za chai na bakuli za supu. Nachukua Kariakoo, na wateja wangu wengi wako Mwanza. Tangu mwaka jana natuma kwa basi moja tu, jina nalihifadhi kwa sababu dai langu kwao halijaisha. Mpaka sasa maboksi 31. Manne yamefika na vilivyovunjika ndani, moja halikufika kabisa. Kwangu hiyo ni nyingi.

Kinachonirudisha kwao ni haraka. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, boksi nalikabidhi Stendi ya Magufuli jioni, kesho yake mchana mteja anapigiwa simu aje stendi ya Nyegezi, Mwanza, kuchukua. Seti moja wananitoza 8,000, na bei haipandi kwa sababu umekuja na haraka.

Halafu kuna dada wa kaunta ya Nyegezi, huyo Mungu ambariki. Mteja akifika, boksi linafunguliwa palepale mbele yake kabla hajasaini. Kukiwa na kilichovunjika anapiga picha, risiti ikionekana, ananirushia WhatsApp. Picha hizo zimenifundisha mengi. Boksi la kwanza kuharibika, kikombe kilikuwa kizima ila sikio limekatika, kipande kimelala kwenye magazeti. Kosa langu: nilivilaza ubavu, masikio yakagongana njia nzima. Sasa vikombe navisimamisha, kila sikio nalizungushia karatasi yake, na nikitikisa boksi nikasikia chochote nafungua naanza upya. Yale matatu mengine yalikuwa yamebonyea juu, yaani yalilaliwa na mzigo mzito. Hapo siwezi kujilaumu. Mawili walinilipa nusu bei, la tatu hawakulipa, wakanijibu: "Dada, vitu vya kuvunjika hatuhusiki, soma risiti."

Lililopotea ndilo linaloniuma. Seti ya 65,000, mama mmoja ameagiza kwa ajili ya sendofu ya binti yake. Karani wa Dar aliandika "boksi 1 vyombo", basi. Nilipodai, nikaulizwa nitathibitishaje kilichokuwa ndani. Nikapeleka risiti ya duka na meseji ya muamala wa mteja. Leo wiki ya tano, wanachotaka kunipa ni nauli yangu 8,000. Nimekataa. Yule mama nilimtumia seti nyingine siku ileile nilipojua, kwa pesa yangu, maana sherehe haingoji mimi nibishane na kaunta. Faida ya wiki mbili ilikwenda hapo, na ningefanya vilevile tena.

Tangu siku hiyo siondoki dirishani mpaka karani aandike "seti ya chai ya udongo, 65,000". Wengine wananuna. Nasubiri.

Kurudisha mzigo ambao mteja hakuupenda wanafanya vizuri kwa bei: ndani ya siku tatu unalipa nusu nauli. Ila kutoka Mwanza mabasi yanabeba dagaa, na maboksi yangu yanawekwa pamoja na magunia hayo. Seti iliyorudi mwezi uliopita kwa sababu ya rangi, vikombe nilivisafisha vikatakata. Vitambaa vyake vya mezani nilifua mara tatu kwa sabuni na ndimu, nikivisogeza puani bado vinanuka dagaa. Sikuweza kumuuzia mtu, natumia nyumbani.

Kwa anayetuma nguo au viatu ningewapa nyota 4. Kwa vyombo vya udongo ni 3, na mbili kati ya hizo ni za yule dada wa Nyegezi. Wakinilipa ile 65,000 nitarudi hapa kuandika.